Balbu ya waya, enaji seva au LED: mwongozo kamili wa kuchagua taa za nyumbani

Ukifika duka la vifaa vya umeme ukasema "nipe globu", muuzaji ana swali moja tu: ya pini au ya kuzungusha? Ukishamjibu anakupa iliyo karibu na mkono, unalipa, unaondoka. Bei uliyolipa hapo ni sehemu ndogo kabisa ya gharama ya taa hiyo. Balbu ya waya ya wati 60 huishi takriban saa 1,000, na katika saa hizo inakula uniti 60 za umeme. Kwa mteja wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania Bara, anayepata uniti 28 kwa shilingi 10,000, huo ni umeme wa zaidi ya shilingi 21,000 uliopita kwenye balbu ya shilingi elfu moja hivi. LED ya wati 9 inayotoa mwanga wa kiasi hichohicho inakula, kwa saa hizohizo, uniti 9 tu. Hiyo ni shilingi 3,200 na kitu.

Hesabu zote hapa chini zimefuata uniti 28 kwa elfu kumi. Ukiwa Kenya unanunua tokeni, au Zanzibar unatumia umeme wa kulipia kabla wa TUKUZA, weka bei yako ya uniti mahali pa hiyo. Njia ni ileile.

Aina zilizopo sokoni

Balbu ya waya ni ile ya zamani: kioo, na ndani yake uzi mwembamba wa tungsteni unaopashwa moto mpaka ung'ae. Katika kila wati 100 zinazoingia, zaidi ya 90 hutoka kama joto, ndiyo maana huwezi kuishika ikiwa inawaka. Halojeni ni ndugu yake wa damu. Uzi ni uleule, umewekwa ndani ya kichupa kidogo cha kioo kigumu chenye gesi. Inapunguza matumizi kidogo tu, na boksi lake likisifia kubana umeme usilihesabu kwenye kundi la LED.

Enaji seva ni ile ya tyubu nyembamba iliyosokotwa au kukunjwa. Wati 14 zake zinatosha mahali pa wati 60 za balbu ya waya. Miaka ya nyuma ilikuwa chaguo zuri, leo hakuna sababu ya kununua mpya. Inachukua nusu dakika hadi dakika nzima kufikia mwanga wake kamili, inachakaa haraka ikiwashwa na kuzimwa mara kwa mara, na ndani ina zebaki, kwa kawaida miligramu 5 au pungufu. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, unaohusu zebaki, zilishakubaliana kwamba utengenezaji na uingizaji wa enaji seva usimame ifikapo mwisho wa 2025, na wa tyubu ndefu ifikapo 2027. Kinachoonekana madukani sasa ni stoo inayomaliziwa.

LED hutoa mwanga kwenye vichipu vidogo vya rangi ya njano vilivyopangwa juu ya bati la alumini. Chini yake, ndani ya kitako, kuna saketi inayobadilisha umeme wa volti 230 kuwa ule ambao vichipu vinaweza kuutumia. Mafundi huiita dereva. Shika neno hilo, kwa sababu LED nyingi zinazokufa mapema zimeuawa na dereva, wala si vichipu.

Hatua ya kwanza: hesabu saa za kuwaka

Usianze kwa kubadilisha taa za nyumba nzima kwa siku moja kama bajeti hairuhusu. Chukua karatasi, andika kila taa, wati zake, na saa inazowaka kwa siku. Kisha: wati mara saa mara siku 30, gawanya kwa 1,000. Jibu ni uniti za mwezi.

Taa ya nje ya ulinzi ndiyo mlaji mkubwa, na watu wengi huisahau kwa kuwa ni taa moja. Balbu ya wati 60 inayowaka saa 12 usiku kucha inakula uniti 21.6 kwa mwezi, karibu shilingi 7,700. LED ya wati 7 mahali pake inakula uniti 2.5, kama shilingi 900. Hapo balbu mpya imejilipia kabla ya mwezi kuisha, na hii ndiyo taa ya kubadilisha kwanza.

Sebuleni, saa 5 kwa siku: uniti 9 kwa balbu ya wati 60, uniti 1.35 kwa LED ya wati 9. Tofauti ni shilingi 2,700 kwa mwezi. LED ikiwa imeizidi bei balbu ya waya kwa shilingi 3,000, utazirudisha ndani ya wiki tano.

Stoo inayowashwa dakika kumi kwa siku ni habari nyingine. Balbu ya waya humo inakula uniti 0.3 kwa mwezi, kama shilingi 100. Iache mpaka iungue yenyewe. Hela ya kuibadilisha ipeleke jikoni.

Kuna kundi moja ambalo hesabu hii inawagusa kwa namna ya pekee: wateja wadogo wa TANESCO wanaolipa bei nafuu kwa uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, ambazo kwa pamoja na kodi hugharimu shilingi 9,150. Kwa bei hiyo ya chini mtu anaweza kudhani LED haina faida kwake. Lakini balbu sita za wati 60, kila moja saa 5, zinameza uniti 54 kati ya 75. Redio, simu, pasi na televisheni zinabaki kugombania 21. Ukivuka 75, uniti za ziada zinatozwa zaidi ya mara tatu ya zile za mwanzo. Balbu sita za LED zinatumia uniti 8, na nafasi ya friji ndogo inaonekana.

Hatua ya pili: nunua lumeni, siyo wati

Wati ni umeme unaoliwa. Mwanga unaoupata hupimwa kwa lumeni, na boksi la balbu ya maana limeziandika. Ulinganifu unaotumika viwandani ni huu:

Wati 25 ya waya: lumeni 250, LED ya wati 3
Wati 40: lumeni 470, LED ya wati 5
Wati 60: lumeni 806, LED ya wati 8 au 9
Wati 75: lumeni 1,055, LED ya wati 10 au 11
Wati 100: lumeni 1,521, LED ya wati 13 hadi 15

Sasa pima chumba. Kwa chumba cha kulala kadiria lumeni 100 kwa kila mita ya mraba, sebule 150, jiko 250 hadi 300, korido na choo 100 hadi 150. Meza ya mtoto anayesoma inahitaji 400 hadi 500 pale juu ya daftari, na hilo hulipati kwa kuongeza ukali wa taa ya darini. Weka taa ndogo ya mezani ya wati 5, umbali wa nusu mita kutoka kwenye kitabu.

Chumba cha futi kumi kwa kumi ni mita za mraba 9 hivi. Kwa kulala kinahitaji lumeni 900, yaani LED moja ya wati 9 iliyo nzuri. Sebule ya mita 4 kwa 5 ni mita za mraba 20, mara 150 unapata lumeni 3,000. Usitafute balbu moja ya kutisha ya wati 30 katikati ya dari. Balbu nne za wati 9 zilizogawanywa zinaondoa vivuli, na siku mko wawili tu mkiangalia taarifa ya habari mnawasha moja.

Makadirio haya ni ya kuta nyeupe na dari nyeupe. Ukuta wa tofali usiopigwa lipu, au nyumba isiyo na dari ambapo mwanga unapotelea kwenye bati na mbao, ongeza theluthi moja hadi nusu. Kopo la rangi nyeupe wakati mwingine linaongeza mwanga kuliko balbu ya pili.

Rangi ya mwanga

Namba yenye herufi K kwenye boksi ndiyo rangi. 2,700 hadi 3,000 ni njano ya upole, kama balbu ya zamani. 4,000 ni nyeupe isiyo na ubuluu. 6,500 ni nyeupe ya kibuluu, na ndiyo inayojaa madukani kwetu kwa sababu inaonekana "kali" zaidi machoni hata lumeni zikiwa sawa.

Chumbani na sebuleni weka 2,700 au 3,000. Mwanga wenye ubuluu mwingi usiku unachelewesha usingizi, na watoto wanauhisi zaidi. Jikoni na kwenye meza ya kusomea, 4,000 inafaa sana. Nje weka ya njano pia: wadudu wanavutwa zaidi na mwanga wa kibuluu, na kumbikumbi wa msimu wa mvua hawatajaza baraza lako kwa wingi uleule.

Namba nyingine ya kuangalia ni CRI, au Ra, inayoonyesha jinsi rangi za vitu zinavyoonekana kwa ukweli wake. Balbu ya waya ina karibu 100. LED isipungue 80. Ikiwa chini ya hapo, nyama inaonekana ya kijivu na ngozi ya mtu inaonekana mgonjwa. Jikoni, kwenye kioo cha kujipambia, au kwa fundi cherehani anayelinganisha nyuzi, tafuta 90.

Kitako na holda

Nyumba nyingi za Tanzania, Kenya na Uganda zina holda za pini, zilizorithiwa kutoka mfumo wa Kiingereza. Alama yake kwenye boksi ni B22, yaani kitako cha kipenyo cha milimita 22. Ya kuzungusha ni E27, milimita 27. Ile nyembamba ya kuzungusha, ya taa za urembo, ni E14. Taa ndogo za kuzama darini zenye miguu miwili minene ni GU10, na hizo zinapokea 230 moja kwa moja. Zenye miguu myembamba kama sindano, GU5.3, ni za volti 12. Ukiichomeka kwenye umeme wa kawaida inapasuka papo hapo. Usikisie. Toa balbu ya zamani, nenda nayo dukani.

Walio na sola ya volti 12 wawe makini zaidi, kwa sababu balbu za volti 12 nazo huuzwa zikiwa na kitako cha B22 au E27, sawasawa na za 230. Soma volti zilizoandikwa kwenye shingo ya balbu kabla hujagusa holda.

Dukani

Omba balbu ijaribiwe mbele yako. Kila duka la maana lina holda ya kujaribia. Ikiwaka, angalia haya.

Kwanza maandishi kwenye balbu yenyewe, siyo boksi pekee: wati, volti, lumeni, jina la mtengenezaji. Isiyo na lumeni popote iache. Tafuta alama ya ubora ya shirika la viwango: TBS kwa Tanzania Bara, ZBS kwa Zanzibar, KEBS kwa Kenya, UNBS kwa Uganda. Volti zikiandikwa 85–265 au 100–265, balbu hiyo itastahimili umeme ukishuka saa moja jioni mtaa mzima ukiwa umewasha. Iliyoandikwa 220–240 inaweza kuanza kupepesa.

Pili, uzito. Ishike mkononi pamoja na nyingine ya wati zilezile. Nzito zaidi kwa kawaida ina alumini ya kutosha ya kutoa joto. Nyepesi kama ganda la yai ni plastiki tupu, na vichipu vyake vitajichoma vyenyewe.

Tatu, mtetemo. Washa kamera ya simu, isogeze karibu na balbu. Mistari myeusi minene ikipita kwenye skrini, balbu inawaka na kuzima mara 100 kwa sekunde kwa sababu mtengenezaji amebana kapasita, kile kifaa cha ndani kinachotuliza umeme. Jaribu pia kwa kalamu: itikise haraka chini ya mwanga. Ukiona kalamu nyingi zilizokatika-katika badala ya ukungu mmoja laini, mtetemo ni mkubwa. Taa ya namna hiyo inaumiza kichwa kwa anayesoma, na kwenye karakana yenye mashine inayozunguka ni hatari, kwani msumeno unaweza kuonekana umesimama.

Nne, waranti. Balbu iliyoandikwa saa 25,000 huku muuzaji anakataa kuipa hata miezi sita, muuzaji anaijua kuliko boksi. Andika tarehe ya kununua kwenye kitako kwa kalamu ya maki, na uhifadhi risiti.

Kupima wati za kweli kwa mita yako

Balbu iliyoandikwa wati 12 inaweza kuwa inavuta 5. Hujapoteza uniti hapo, umepoteza mwanga uliolipia. Mita ya nyumbani inatosha kukuambia ukweli.

Kwenye uso wa mita kuna kitaa chekundu kinachopepesa, na karibu yake maandishi kama "1000 imp/kWh". Maana yake kitaa kikipepesa mara 1,000 umetumia uniti moja. Chomoa kila kitu: friji, televisheni, chaja, ruta. Zima taa zote. Hakikisha kitaa kimetulia kwa dakika kadhaa. Washa balbu tatu za aina unayopima kwa pamoja, maana balbu moja ndogo mita nyingine haiihisi vizuri. Subiri kipepese, anza kuhesabu sekunde kwa simu, simamisha kitakapopepesa tena. Gawanya 3,600 kwa sekunde hizo, umepata wati za balbu zote tatu.

Balbu tatu za wati 9 za kweli ni 27, kwa hiyo kitaa kitapepesa kila baada ya sekunde 133. Kikichukua dakika nne nzima, jumla ni wati 15, kila balbu 5. Mita yako ikiwa na 1,600 badala ya 1,000, tumia 2,250 mahali pa 3,600. Walio na mita kwenye nguzo wanahitaji mtu wa pili wa kuiangalia.

Kubadilisha balbu

1. Zima meni swichi, siyo swichi ya ukutani peke yake. Swichi ya ukutani inaweza kuwa imefungwa kwenye nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya waya wa moto, na hapo holda inabaki na moto hata taa ikiwa imezimwa.

2. Subiri dakika kumi kama ilikuwa balbu ya waya au halojeni. Panda kwenye kitu imara. Stuli ya plastiki iliyopandishwa juu ya meza imevunja mikono ya watu wengi.

3. Ya pini: sukuma kuelekea kwenye holda, zungusha kushoto, toa. Ya kuzungusha: geuza kushoto mpaka itoke. Enaji seva ishike kwenye plastiki ya kitako, kamwe usiishike kwenye tyubu.

4. Angalia ndani ya holda kabla ya kuweka mpya. Kwenye ya pini utaona vichwa viwili vya shaba vinavyosukumwa na springi. Vibonyeze kwa kipande cha kijiti kikavu: vinatakiwa kurudi kwa nguvu. Kimoja kikibaki chini, au kikiwa cheusi, au plastiki imekuwa kahawia na kuvunjikavunjika, badilisha holda. Joto la balbu za waya limepika holda nyingi kwa miaka, na LED mpya ikiwekwa humo itakuwa ikigusa na kuachia, inalia "tsss", kisha inakufa. Dar, Tanga, Mombasa na Unguja, hewa ya chumvi hufanya shaba iote ukungu wa kijani. Isugue kwa msasa laini mpaka ing'ae, au weka holda mpya.

5. Weka balbu. Ya pini sukuma na zungusha kulia mpaka usikie imekaa. Ya kuzungusha kaza mpaka iguse vizuri, bila kukamia.

6. Washa meni, kisha swichi. Ikiwa LED inabaki na mwanga hafifu baada ya kuzimwa, mara nyingi swichi ina kitaa kidogo cha kuonyeshea gizani, au waya mrefu umelala sambamba na waya wenye moto. Hayo mawili hayana madhara makubwa. Sababu ya tatu ndiyo ya kuogopa: swichi inakata nyutro. Fundi aweke testa kwenye holda swichi ikiwa imezimwa. Testa ikiwaka, swichi ihamishiwe kwenye waya wa moto siku hiyohiyo. Kwenye holda ya kuzungusha akague pia kwamba moto unafika kwenye ncha ya katikati, na nyutro kwenye kuta za nyuzi, kwa sababu kuta hizo ndizo vidole vinazigusa wakati wa kubadilisha balbu.

Kwa nini LED "ya miaka kumi" inakufa kwa miezi minane

Malalamiko haya ni ya haki, na yamewarudisha watu wengi kwenye balbu ya waya. Sababu kubwa ni joto. LED ya wati 9 haitoi joto mbele kama balbu ya zamani. Joto lake linarudi nyuma kwenye kitako, pale dereva alipo. Ndani ya dereva kuna kapasita yenye majimaji, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila joto lake likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, umri wake unapungua kwa nusu. Balbu ileile inayoishi saa 20,000 ikining'inia wazi sebuleni inaweza kuishi 5,000 ikifungiwa kwenye bakuli la kioo la taa ya baraza, chini ya bati linalochemka mchana kutwa.

Kwa hiyo kwenye bakuli lililofungwa weka wati ndogo, 5 au 7, au nunua taa iliyoandikwa wazi kwamba inaruhusiwa ndani ya kifuniko. Au toa bakuli. Nje, panaponyeshewa, usitoe kifuniko. Nunua taa nzima ya LED yenye alama ya IP65, yaani isiyoingiza vumbi wala maji ya mvua, badala ya balbu ndani ya kopo.

Sababu ya pili ni umeme wenyewe. Balbu ya waya ina udhaifu wake hapa: volti zikizidi kwa asilimia 5 tu, umri wake unapungua karibu nusu, na zikishuka kwa asilimia 10 mwanga unapungua kama asilimia 30. LED nzuri haijali kushuka. Inachojali ni ule mshindo wa umeme kurudi baada ya kukatika. Umeme ukikatika zima swichi za taa, uache moja tu ya kukujulisha, na uziwashe dakika chache baada ya umeme kurudi.

Ishara moja usiipuuze kamwe: baadhi ya taa zinang'aa kupita kiasi wakati nyingine zinafifia kwa wakati mmoja. Kwenye nyumba ya fezi tatu, hiyo ni dalili ya nyutro iliyolegea au kukatika. Zima meni papo hapo, chomoa friji na televisheni, piga simu TANESCO. Ukisubiri utaunguza zaidi ya balbu.

Ukifungua LED iliyokufa, mara nyingi utaona kichipu kimoja chenye nukta nyeusi katikati kama tone la wino. Vichipu vimefungwa kwa mfululizo, kimoja kikikatika vyote vinazimika. Vijana wa mtaani huunganisha hapo kwa risasi ya kulehemu na balbu inawaka tena. Inawaka kweli, lakini vichipu vilivyobaki vinabebeshwa mzigo wa mwenzao, na bati lile kwenye balbu za bei nafuu lina uhusiano wa moja kwa moja na volti 230. Usiwashe balbu isiyo na kifuniko chake mahali ambapo mtoto anafika.

Mahali ambapo balbu ya waya bado inashinda

Palipo na haja ya joto. Vifaranga wa wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35 pale walipo, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. LED haitawapa hilo. Tumia balbu ya waya ya wati 60 au 100, au ile nyekundu ya wati 250 kwa kundi kubwa, na iongozwe na tabia zao: wakijibana chini ya taa wanasikia baridi, wakikimbilia pembeni na kuhema ipandishe juu zaidi. Ifunge kwa mnyororo au waya wa chuma, usiiache ining'inie kwa waya wake wa umeme, kwani ikidondokea maranda banda linaungua. Mashine ndogo za kutotolea mayai nazo nyingi hutegemea joto la balbu hizi.

Ndani ya ovena pia: taa yake lazima iwe ile iliyoandikwa nyuzi 300. Plastiki ya LED itayeyuka humo.

Holda zinazodhibitiwa na swichi ya kupunguza mwanga zinahitaji LED iliyoandikwa inakubali kupunguzwa. Ya kawaida itapepesa na kuungua.

Tyubu ndefu

Tyubu ya futi nne ya wati 36 pamoja na balasti yake ya chuma, kile kifaa kizito cha kudhibiti umeme wa tyubu, inavuta karibu wati 45. Tyubu ya LED ya urefu huohuo, milimita 1,200, inavuta 18. Soma mchoro uliobandikwa juu yake kabla ya kufunga. Kama umeme unaingia upande mmoja, moto na nyutro vyote vinakwenda kwenye pini za ncha hiyo. Ukiigeuza unaweza kupata shoti. Balasti itolewe kwenye mzunguko na stata (kikopo kidogo cha kuiwashia tyubu) itupwe, isipokuwa tyubu imekuja na stata yake bandia, hapo balasti inabaki. Kisha bandika karatasi ndani ya fremu ikisema imebadilishwa kuwa ya LED, ili fundi wa kesho asirudishe tyubu ya zamani kwenye holda zenye volti 230 upande mmoja.

Enaji seva na tyubu zilizovunjika

Toa watoto chumbani, zima feni, fungua madirisha kwa dakika 15. Usifagie kwa ufagio. Unatawanya unga wenye zebaki. Vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, kusanya vipande kwa karatasi ngumu, malizia unga kwa selotepu na kitambaa chenye unyevu, vyote viingie kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana pamoja na kitambaa chenyewe. Ikivunjikia kitandani, shuka lenye vipande usilifue na nguo nyingine. Zilizokufa bila kuvunjika zihifadhi kwenye boksi lake mpaka upate duka au kituo kinachopokea taka za umeme, na zisichomwe na takataka za nyumbani, kwa sababu moshi wake ndio unaopeleka zebaki kwenye mapafu ya aliyesimama karibu.